Paka Shume wa Owino: Himaya, Kuhama na Kuhasi

Mwaka 2022, siku ya tisa baada ya familia yetu kuhama Kisenyi na kwenda kupanga chumba Ndeeba, paka wetu dume alilisogelea robota la mitumba lililosimama ukutani, akaligeuzia mgongo, akainua mkia, mkia ukatetemeka, akanyunyiza. Robota lilikuwa limeshafunguliwa upande mmoja. Ndani yake kulikuwa na blauzi za wanawake, na mama alikuwa amelinunua kwa fedha za kikundi cha akiba ambazo zilipaswa kurudishwa kabla ya mwisho wa mwezi. Kufikia Jumapili paka alikuwa amerudia kitendo hicho mlangoni, kwenye mguu wa kitanda, kwenye gunia la makaa, na kwenye robota lile lile.

Anayeijua harufu ya mkojo wa paka dume hahitaji maelezo. Asiyeijua nitamwambia tu kwamba mama alifua blauzi thelathini na sita mara tatu, akazianika juani siku mbili, na bado wateja wa Owino, ambao wamezoea harufu za kila aina, walizishika, wakazinusa na kuzirudisha kwenye fungu.

Hii ni insha ya historia, kwa hiyo sitaishia kwenye blauzi. Nilipoanza kutafuta kwa nini paka aliyeishi nasi karibu miaka miwili bila kuharibu kitu aligeuka hivyo ndani ya siku tisa, niliona kwamba jibu halimo ndani ya paka peke yake. Limo katika historia ya soko, ya moto na ya panya. Limo pia katika historia ya kisu cha kuhasi, ambacho watu wa nchi hii wamekitumia kwa mifugo tangu zamani sana bila kumfikiria paka.

Nianze na soko. Owino ilianza mwaka 1971 katika bonde la Nakivubo, mahali pa chini panapopokea maji ya vilima vinavyopazunguka. Jina lake rasmi siku hizi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyeuawa hapo Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Lakini mwambie mtu wa bodaboda akupeleke Balikuddembe, atakuuliza mara mbili. Sema Owino, na pikipiki inawaka. Wazee wa sokoni husimulia kwamba Owino alikuwa mzee wa Kijaluo aliyefanya biashara yake ndogo hapo kabla soko halijawa soko.

Ukiingia kutoka upande wa mfereji wa Nakivubo unakutana na nguo, viatu, mikoba, mapazia. Ukiendelea ndani unakutana na mahindi, maharage, karanga, unga, na mukene, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, ambao harufu yao hufika kabla yao. Mvua ikinyesha sana mfereji hufurika na takataka zote huja kutembelea vibanda. Mahali penye nafaka, dagaa na takataka kwa pamoja, panya hawahitaji mwaliko. Paka wa Owino wako pale kwa sababu hiyo. Hakuna aliyewaleta kwa mpango. Mwenye nafaka humwachia paka kichwa cha samaki, paka hubaki, na baada ya muda watu husema ni paka wa fulani, ingawa paka mwenyewe hakuulizwa.

Mama anauza mitumba huko tangu kabla sijazaliwa. Mwezi Februari 2009 soko liliungua. Nilikuwa na miaka saba, na ninachokumbuka ni mama aliyerudi nyumbani asubuhi akiwa na majivu hadi kwenye nyusi, akanywa maji, akatoka tena bila kukaa. Alikuwa anarudi kulinda nafasi yake. Kibanda hakikuwepo tena. Kilichokuwepo ni mraba wa majivu ambao yeye tu na majirani zake walijua kuwa ni wake. Alifunga kamba kwenye vijiti vinne na kuketi katikati kwa siku mbili. Wengine waliandika majina kwa makaa kwenye mabati yaliyobaki. Aliyechelewa alikuta mtu mwingine amekaa.

Tangu moto huo mama hajawahi kulaza mali yake yote sokoni. Marobota mapya huyaleta nyumbani na kubeba kidogo kidogo kila asubuhi. Wafanyabiashara wengi wa rika lake hufanya hivyo, hasa kwa kuwa moto wa 2009 haukuwa wa mwisho. Kwa hiyo chumba chetu, kwanza Kisenyi na baadaye Ndeeba, kilikuwa pia ghala. Bila kulielewa jambo hili huwezi kuelewa kwa nini mkojo wa paka mmoja uliweza kuifikisha familia kwenye deni.

Paka mwenyewe alikuja kwa njia ya historia nyingine. Mwezi Machi 2020, kwa sababu ya korona, serikali ilifunga biashara zote sokoni isipokuwa chakula, na wauza chakula wakaagizwa kulala huko huko. Wauza nguo tulikaa nyumbani. Mali iliyokuwa imebaki kibandani haikuguswa kwa miezi, na tuliporudi tulikuta panya wamezaa ndani ya sweta. Muuza karanga jirani yetu akampa mama mtoto wa paka. Mama akamwita Afande, kwa sababu alitembea kifua mbele, na kwa sababu kwa kizazi chake Kiswahili ni lugha ya jeshi. Hapa wasomaji wenzangu wa Tanzania na Kenya wanivumilie. Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi wa Kampala lugha hii ilikuja ikiwa imeshika bunduki. Mama aliposikia ninakwenda kuisomea chuoni aliniuliza kama ninataka kuajiriwa kambini.

Sasa turudi nyuma zaidi ya Owino. Paka wa nyumbani anatokana na paka mwitu anayeitwa kitaalamu Felis lybica, ambaye bado anaishi katika nyika za Afrika, Uganda ikiwemo. Mwaka 2004 wanaakiolojia walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kupro wamepata kaburi la mtu aliyezikwa na paka kando yake, la miaka kama 9,500 iliyopita. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo paka yule alipelekwa kwa chombo na watu. Mwaka 2007 utafiti wa vinasaba ulioongozwa na Carlos Driscoll ulionyesha kwamba paka wa nyumbani duniani wanatokana na paka mwitu wa Mashariki ya Karibu, mahali ambapo watu walianza kulima na kuhifadhi nafaka. Nafaka ilileta panya, panya wakamleta paka. Ni Owino ya kwanza, kama ninaruhusiwa kusema hivyo.

Tofauti na ng'ombe, mbuzi na punda, paka hakukamatwa akafugwa. Alikuja mwenyewe, akavumiliwa. Ng'ombe alichaguliwa dume wa kuzalisha na wengine wakahasiwa, kizazi baada ya kizazi, hadi akawa mnyama wa kundi anayefuata fimbo. Paka hakuna aliyesimamia ndoa zake. Akabaki na tabia ya babu yake wa nyikani, ambaye huishi peke yake na hulinda eneo lake kwa harufu. Hapa kwetu mnyama maarufu zaidi kwa jambo hilo si paka bali fungo, ambaye kwa Kiganda ni ffumbe. Huacha alama kwa majimaji ya tezi yake, na majimaji hayo ndiyo zabadi ambayo watu wa pwani waliiuza kama manukato. Ffumbe ni mwiko wa mojawapo ya koo za kale kabisa za Buganda, na mama ni wa ukoo huo. Nilipomweleza kwamba Afande anafanya kama muziro wake, alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile, kisha akasema kwamba angalau ya ffumbe inanunuliwa.

Historia ya paka na panya katika Buganda ina upande wa giza pia. Tauni kwa Kiganda ni kawumpuli, na Kawumpuli lilikuwa jina la mungu wa ugonjwa huo. John Roscoe, mmisionari aliyechapisha kitabu chake kuhusu Waganda mwaka 1911, anaeleza kwamba katika hekalu la Kawumpuli kulikuwa na shimo ambamo mungu huyo alifungiwa, na lilizibwa kwa vitu vya mgomba pamoja na ngozi za paka mwitu ili asitoke kuua watu. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Watu hao hawakuwa na darubini, na bakteria wa tauni alitambuliwa Hong Kong mwaka 1894 tu. Lakini walipotafuta kitu cha kuziba mdomo wa tauni, walichagua ngozi ya adui wa panya. Huenda ni sadfa. Mimi siamini kuwa ni sadfa.

Mwishoni mwa miaka ya 1890 Robert Koch alichunguza tauni ya Kiziba, kusini kidogo ya mpaka wetu wa leo na Tanzania. Watu wa huko walikwisha kutambua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, zamu ya binadamu inafuata, na dawa yao ilikuwa kuhama. Ndani ya Kampala ya kikoloni dawa ikawa nyingine. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kukagua afya ya miji ya Afrika Mashariki, na mojawapo ya mapendekezo yake makubwa ilikuwa kuwatenga Wazungu, Waasia na Waafrika katika maeneo mbalimbali. Hofu ya panya ikageuzwa kuwa ramani ya rangi. Wazungu walikaa juu ya Nakasero, na bonde lenye maji likaachiwa wengine. Owino iliota katika bonde hilo. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwa nini soko letu lina panya wengi, siwezi kumjibu kwa kusema uchafu tu.

Nimechukua njia ndefu, lakini sasa nyumba ya Ndeeba inaeleweka vizuri zaidi.

Kisenyi iko karibu na Owino kiasi kwamba Afande alikuwa na makao mawili. Usiku alilinda kibanda na sehemu ya nafaka, asubuhi alirudi chumbani kulala juu ya marobota. Njia yote hiyo aliijua kwa pua. Paka husugua mashavu yake kwenye kona, mlango na miguu ya watu, na kila msuguo huacha harufu isiyosikika kwetu lakini kwake inasema: hapa ni kwangu, hapa ni salama. Tulipohama tulibeba kitanda, jiko, marobota na paka. Harufu zake tuliziacha kwenye kuta za mwenye nyumba wa Kisenyi. Afande alishushwa kutoka kwenye boksi ndani ya chumba ambacho kwa pua yake hakikuwa cha mtu, au kibaya zaidi, kilikuwa cha paka mwingine. Ndeeba ina karakana nyingi za useremala, na nyuma ya chumba chetu kulikuwa na rundo la vumbi la mbao ambalo madume wawili wa mtaa walikuwa wanaligombania kila usiku.

Dume asiyehasiwa akiwa katika hali hiyo hukojoa kwa kusudi lingine. Hachuchumai. Husimama, hunyunyiza kwenye kitu kilichosimama wima, kwa urefu wa pua ya paka mwingine. Mkojo wake una felinini, asidi amino yenye salfa, ambayo homoni ya kiume huiongeza, na ikishavunjika hewani ndiyo hutoa ile harufu isiyofulika. Na robota la mitumba, ukilifikiria kwa akili ya paka, ni mgeni mkubwa aliyesimama katikati ya nyumba akiwa na harufu za maelfu ya watu wa Ulaya na Kanada, na nadhani pia za paka na mbwa wao. Nisingeshangaa hata mimi ningelinyunyizia.

Swali likawa la kuhasi. Mama alikataa.

Neno lenyewe lilimkera. Kwa Kiganda ni kulaawa, na mtu aliyefanyiwa hivyo ni omulaawe, neno ambalo mama analijua kutoka kitabu cha Matendo ya Mitume, ambapo Biblia ya Kiswahili inasema towashi. Kwake nilikuwa ninapendekeza kumfanya mlinzi wake kuwa nusu kitu. Alisema pia kwamba paka aliyekatwa hawezi kukamata panya, na kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wa Muyenga wanaonunulia paka chakula cha mkebe. Majirani walimuunga mkono. Mmoja alisema Mungu atauliza.

Nilijibu vibaya. Nilimwambia kuwa hajui, na hilo si neno la kumwambia mama. Siku tatu tulizungumza kuhusu chumvi na maji tu.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja kutoka Moroto, Karamoja, anayelinda vibanda usiku na ambaye huzungumza nami kwa Kiswahili kwa sababu Kiganda chake ni kichache na Kikaramoja sikijui kabisa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake nikilalamika. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Binti, kwenu ng'ombe gani anaimbiwa?"

Nikasema sijui, labda fahali.

"Fahali anaimbiwa na nani? Fahali ni wa kuzalisha tu. Anayeimbiwa ni maksai. Mimi jina langu la ujana ni la maksai wangu."

Jambo hili limeandikwa na wanaanthropolojia waliokaa Karamoja na Sudan Kusini, lakini lilikuwa na uzito mwingine kulisikia kwenye benchi la Owino. Kijana huchagua dume mwenye rangi na pembe anazozipenda, dume huhasiwa, hufunzwa, pembe zake huelekezwa, na kijana huchukua jina kutokana naye. Kuhasiwa hakumshushi mnyama huyo. Ndiko kunakomtoa katika kundi la kawaida na kumfanya awe wa mtu. Na si Karamoja peke yake. Kiswahili chetu kina maksai kwa ng'ombe na ndafu kwa beberu aliyehasiwa akanona, na ndafu ni nyama ya heshima, ya harusi. Lugha isingekuwa na maneno hayo kama jambo lenyewe lingekuwa limeletwa na ndege kutoka London.

Kwa paka lugha ina neno moja tu la upande huu, nalo ni shume: paka dume mkubwa, aliyezoea kuzurura, mpigani, nusu wa nyumbani na nusu wa mwitu. Paka dume aliyehasiwa hana jina lake. Nadhani hiyo ndiyo historia yote ya paka kwetu kwa neno moja. Tulimwona kuwa mpita njia. Mtu hahasi mpita njia.

Nilimpelekea mama hoja hii ya maksai, si ya felinini. Hakusema ndiyo, lakini aliniuliza kuhusu panya, na hapo nilikuwa na jibu. Kuwinda hakutegemei korodani, na ndiyo maana jike huwinda kama dume, na mara nyingi zaidi akiwa na watoto wa kulisha. Utafiti wa Benjamin Hart na Barrett wa mwaka 1973, ambao bado hutajwa, ulionyesha kwamba paka madume wakubwa wakihasiwa, wanane hadi tisa katika kila kumi hupunguza sana kupigana, kuzurura na kunyunyiza. Kwa wengine hutokea mara moja, kwa wengine pole pole. Maana yake pia ni kwamba mmoja au wawili hawabadiliki sana, na nilimwambia hilo, kwa sababu sikutaka anilaumu baadaye kwa kumficha.

Tulimpeleka katika kliniki ya wanyama wadogo hapo chuoni Makerere. Kazi yenyewe ni fupi kuliko foleni. Dume hupewa dawa ya usingizi, hupasuliwa kidogo sehemu mbili, korodani hutolewa, na kwa kawaida ngozi haishonwi. Jioni ile alirudi ndani ya boksi, akiyumba kama mlevi wa Kisenyi. Makerere ilianza kufundisha madaktari wa mifugo mwanzoni mwa miaka ya 1970, baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuvunjika na wanafunzi wetu kutotegemea tena Kabete huko Nairobi. Kwa hiyo soko la Owino na shule ya daktari aliyemhasi Afande ni karibu rika moja, na kati yao hakuna hata kilomita tano. Njia hiyo ilimchukua paka mmoja wa Owino nusu karne kuipita.

Baada ya hapo nilifanya kosa, na kosa ni langu. Tuliambiwa paka aliyehamia mahali papya afungiwe ndani wiki tatu hivi, ale huko, alale huko, hadi mahali papate harufu yake. Tuliambiwa pia kwamba homoni huondoka damuni haraka lakini mazoea hukawia. Chumba ni kimoja, watu wanne, marobota matatu, na paka anayelia usiku kucha. Siku ya sita nilimfungulia mlango. Nilijiambia kwamba amekwisha kuhasiwa, hatakwenda mbali. Nilichanganya mambo mawili. Kisu kinaweza kumwondolea dume hamu ya kutafuta majike na kugombana na majirani. Hakimwondolei kumbukumbu ya nyumba yake. Mwaka 1922 Mmarekani aitwaye Herrick alichapisha majaribio yake kuhusu uwezo wa paka kurudi nyumbani kutoka mbali, na mimi nilikuwa nimeyasoma siku chache kabla ya kufungua mlango. Kusoma ni jambo moja.

Afande hakurudi usiku ule. Mama hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Deni la kikundi lilikuwa bado halijamalizika, blauzi zilikuwa zimeuzwa kwa bei ya matambara ya gereji, fedha za kliniki zilikuwa zimetoka kwenye karo yangu, na paka hayupo. Kila asubuhi alibeba mfuko wa vichwa vya samaki hadi sokoni na jioni kuurudisha.

Siku ya kumi na moja aliukuta mgongo wa rangi ya majivu juu ya magunia ya karanga, sehemu ya nafaka. Alikuwa amevuka barabara kubwa za Ndeeba na Katwe, zenye malori ya usiku, akakonda, sikio moja limechanika. Alikuwa amelala mahali pale pale alipozaliwa.

Nilikwenda kumwangalia mara nyingi baada ya siku hiyo, nikiwa na daftari, nikijifanya mtafiti. Kulikuwa na shume mwingine ambaye wakati wa kutokuwepo kwake alikuwa ameshika njia ya kati ya karanga na maharage. Nilitarajia vita. Wiki ya kwanza walipigana mara mbili. Kufikia mwisho wa mwezi wa pili walikuwa wanapishana: yule mwingine hupita alfajiri kabla wenye vibanda hawajafika, Afande hushika magunia mchana. Paul Leyhausen, Mjerumani aliyechunguza paka miaka mingi, aliandika kwamba paka huweza kutumia njia moja kwa zamu. Yule mwingine bado hunyunyiza nguzo. Afande hunusa nguzo, huketi na kulamba mguu. Sijamwona akinyunyiza tena, na panya anawakamata kama zamani. Muuza karanga ni shahidi.

Mama hakumrudisha Ndeeba. Nilidhani ni kwa sababu ya robota, lakini alisema si hivyo. Alisema yeye mwenyewe alilala juu ya majivu siku mbili kwa ajili ya nafasi katika soko lile, kwa hiyo hamwondoi mtu aliyetembea kwa miguu kurudi kwake. Aliita paka mtu, nimeandika alivyosema. Chakula chake humpelekea kila siku isipokuwa Jumapili, na Jumapili muuza karanga hushika zamu.

Deni lilimalizika mwezi wa tano. Mwezi uliopita mama alirudi nyumbani na mtoto mwingine wa paka ndani ya mkoba, dume, mweusi, wa muuza karanga yule yule. Panya wa Ndeeba nao wamegundua marobota. Alimweka chini, akamtazama akinusa mguu wa kitanda, halafu akaniuliza kwa Kiganda, bila kunigeukia, huyu anapaswa kuwa na miezi mingapi. Nikamwambia mitano au sita. Alihesabu kwa vidole hadi Machi, akaniambia nisipange safari yoyote mwezi huo.